Mwajiri Wako Ni Nani?

Saa tisa usiku, katikati ya zamu, nilikuwa nimesimama mbele ya maikrowevu nangoja ugali wangu upate moto. Chumba chetu cha mapumziko ni kidogo: meza moja ya plastiki, viti vinne, na friji iliyobandikwa karatasi ya kukumbusha watu waandike majina kwenye vyakula vyao. Mama Brian akaingia, akavua viatu chini ya meza kama ilivyo kawaida yake, akanyoosha miguu. Kisha akanisogezea simu.

"Baba Salma, huyu si wewe?"

Nilikuwa ni mimi. Jina la ukoo limetangulia, herufi kubwa tupu. Mji: Brooklyn Park. Jimbo: Minnesota. Kazi: msaidizi wa wauguzi. Mwajiri: nyumba ile ile ya kutunza wazee ambayo sisi wawili tulikuwa tumekaa ndani yake usiku ule. Kiasi: dola 25. Chini yake mstari mwingine wa dola 25, na chini yake mwingine tena. Ilikuwa michango mitatu niliyompa mgombea mmoja wa ubunge katika msimu wa kampeni uliokuwa umepita. Nilituma kila siku ya mshahara, kabla sijatuma pesa za nyumbani, maana nilijua nikitanguliza za nyumbani hazitabaki.

Mama Brian hakuwa akinitafuta mimi. Alikuwa amesikia maneno kwenye korido kwamba wakubwa wetu wanachangia chama fulani, akaenda kwenye tovuti ya Tume ya Uchaguzi ya Marekani, akaandika jina la kazini kwetu. Tulitokea watu wanne. Mmoja mpishi, mmoja muuguzi wa zamani, mmoja bosi aliyetoa dola 1,000, na mimi na hizo ishirini na tano zangu tatu. Jina la kituo lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu tofauti, kwa sababu kila mtu huandika mwajiri wake anavyojua mwenyewe.

"Wasije wakasema kazini kwetu sote tunamtaka huyu wako," akaniambia. Hakuwa anatania. Ana watoto watatu, na karatasi zake za uhamiaji zilikuwa bado mikononi mwa wanasheria.

Wiki mbili baadaye, kwenye mkutano wa wafanyakazi, msimamizi mmoja alisema, bila kumtaja mtu, kwamba jina la kituo lisiingizwe katika siasa za mtu binafsi. Huenda hakuwa na mimi hata kidogo. Lakini nilihisi kana kwamba watu wote wameyageuza macho kwangu, na msimu wote uliofuata sikutoa hata senti.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Nimelisoma, nimeuliza, na sasa nina la kusema, hasa kwa ndugu zangu tunaoishi huku na ambao mwaka wa uchaguzi huanza kupokea ujumbe kila saa: changia dola 5, changia dola 10, usiku wa leo ndio mwisho.

Kwanza, wengi wetu tukisikia tume ya uchaguzi tunafikiria IEBC ya Kenya: masanduku, fomu, kura zinasomwa usiku kucha. Ile ya Marekani, FEC, haihesabu kura hata moja. Kazi yake ni pesa. Kampeni ya mgombea wa urais, seneti au bunge la taifa ikipokea kutoka kwa mtu mmoja jumla inayozidi dola 200 katika mzunguko wa uchaguzi, ni lazima iripoti jina lake, anwani, kazi anayofanya na mwajiri wake. Taarifa hizo ni za umma. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzitafuta kwa jina la mchangaji, kwa mji, au kwa mwajiri, kama alivyofanya Mama Brian.

Mimi nilitoa 75 tu. Nilikuwaje mle? Nilipitia ActBlue, jukwaa la mtandaoni la kuchangia wagombea wa Democratic lililoanza mwaka 2004. Republican nao wana lao, WinRed, tangu 2019. Jukwaa kama hili kisheria ni mpokezi wa kati, anayepokea mchango wako na kuupitisha kwa mgombea uliyemtaja, na mpokezi wa kati huripoti kila mchango uliopita mikononi mwake, hata ukiwa wa dola moja. Kwa hiyo yule anayepeleka hundi ya dola 150 kwa posta hadi ofisi ya mgombea anaweza asionekane popote, na mimi mwenye 25 nikaonekana mara tatu. Hili silikubali, na nitalirudia.

Lakini swali lililonisumbua zaidi si kwa nini jina langu. Jina ni langu, sina haya nalo. Swali ni hiki kisanduku cha mwajiri. Kwa nini nchi nzima itake kujua nani ananilipa?

Jibu lilinijia kupitia kwa babangu.

Babangu alikuwa karani katika ofisi moja ya Mombasa miaka ya 1980. Mwisho wa mwezi alikuwa akija na karatasi ya mshahara iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati. Mamangu huikunjua mezani, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari: mshahara, kodi, malipo ya uzeeni, halafu, miezi mingine, mstari wenye neno HARAMBEE na tarakimu mbele yake. Mwezi mmoja tarakimu ile ilikuwa kubwa kuliko karo ya dadangu. Mamangu akauliza ni harambee ya nini. Babangu akasema ni ya mheshimiwa, shule ya kwao. Mamangu akauliza, na wewe nani alikuuliza?

"Huulizwi," akasema babangu. "Unaona tu."

Nisieleweke vibaya. Harambee tuliyoachiwa tangu uhuru, 1963, imejenga nchi ile. Mimi mwenyewe nimesoma katika darasa ambalo mabati yake yalinunuliwa kwa shilingi za watu waliokuja uwanjani kwa hiari, wengine na kuku. Watu walisimama, wakataja majina yao na walichonacho, na umati ukapiga makofi. Ila mle mle ndani ya kitu chema, mkubwa akagundua kwamba anaweza kwenda uwanjani na mfuko mnene, akataja jina lake moja, na pesa zikawa zimetoka kwenye karatasi za mshahara za watu kama babangu. Shule ilijengwa kwa makato ya makarani, na sifa ikawa ya mheshimiwa. Kura nazo zikamfuata aliyesifiwa.

Mwaka 2003 Kenya ilipitisha Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma, ikakataza afisa wa umma kutumia ofisi yake kuwa mahali pa kukusanyia harambee, na kutumia cheo chake kumbana mtu atoe. Babangu alikuwa ameshastaafu. Nilipompigia simu kumweleza alicheka, akasema kwake imechelewa, ila waliobaki wamshukuru Mungu.

Sasa sikilizeni. Miaka 120 kamili kabla ya sheria hiyo yetu, mwaka 1883, Marekani walipitisha yao, na ukiisoma utadhani imeandikwa na mtu aliyekaa dawati moja na babangu.

Karne ya kumi na tisa, kazi ya serikali huku ilikuwa ni zawadi ya chama. Chama kikishinda, watu wake wanapewa vyeo: posta, mahakama, forodha. Na aliyepewa kazi hurudisha shukrani kwa asilimia fulani ya mshahara wake, inayokusanywa na chama msimu wa uchaguzi. Ukikataa, kiti chako kina watu kumi wanaokisubiri mlangoni. Penye pesa nyingi kuliko pote palikuwa forodha ya bandari ya New York. Mimi mtoto wa mji wa bandari, sikuhitaji kuelezwa mara mbili kwa nini. Mkuu wa forodha ile kuanzia 1871 alikuwa bwana mmoja aitwaye Chester Arthur, mtu wa chama hasa, aliyekalia kiti hicho mpaka Rais Hayes alipomwondoa mwaka 1878.

Mwaka 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na mtu aliyeamini kwamba ameistahili kazi ya serikali na amenyimwa. Garfield alifariki Septemba mwaka huo, na aliyerithi urais ni makamu wake, ambaye ni huyo huyo Chester Arthur wa forodha. Watu walishika vichwa. Na ni yeye, aliyelelewa na mfumo ule, aliyeitia saini sheria ya Pendleton Januari 1883: ajira zianze kutolewa kwa mtihani, isiwe ruhusa kuomba michango ya chama ndani ya majengo ya serikali, na mfanyakazi asifukuzwe kwa sababu hakuchangia.

Kila nikiisoma sehemu hiyo namwona babangu na karatasi yake iliyokunjwa mara nne.

Mfanyakazi wa serikali akawa amepata ngao. Kampuni zikabaki. Mwaka 1905 ilifichuka kwamba kampuni ya bima ya New York Life ilikuwa imetoa zaidi ya dola 48,000 kwa kampeni ya Theodore Roosevelt ya mwaka uliotangulia. Zilikuwa pesa za wenye bima, wajane na wazee waliokuwa wakiweka akiba ya mazishi. Kilio kikawa kikubwa, na mwaka 1907 ikapita sheria inayokataza kampuni kumchangia mgombea wa taifa moja kwa moja kutoka hazina yake. Sheria hiyo imebeba jina la seneta Benjamin Tillman wa South Carolina, mtu aliyejisifu hadharani kwa mauaji ya watu weusi. Naitumia sheria yake na kuitegemea, na jina lake halinipiti kooni.

Katazo hilo limesimama hadi leo. Hata uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2010, wa kesi ya Citizens United, uliofungua milango kampuni na vyama vya wafanyakazi vitumie pesa bila kikomo katika matangazo yasiyopangwa pamoja na mgombea, haukuigusa kanuni ile ya kumpa mgombea mkononi. Kampuni haiwezi kumwandikia hundi mgombea wa ubunge.

Lakini kampuni ina wafanyakazi, na wafanyakazi wanaweza.

Hapo ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo kisanduku changu kinapoonyesha maana yake. Mwaka 1972 Richard Nixon alikuwa akigombea muhula wa pili. Mkuu wa kampuni ya kujenga meli, American Ship Building, alikuwa George Steinbrenner, yule aliyekuja kuwa maarufu kama mwenye timu ya besiboli ya New York Yankees. Alitaka kuchangia, na kampuni hairuhusiwi. Basi kampuni ikawapa baadhi ya wafanyakazi bonasi. Wafanyakazi wale wakapokea, kodi ikakatwa, na kilichobaki wakakiandikia hundi, kwa majina yao, kwenda kampeni. Kwenye vitabu ni wazalendo kadhaa waliotoa kwa moyo. Kwa ukweli ni mfuko mmoja uliovaa nyuso nyingi.

Wachunguzi wa sakata la Watergate, lililokuja kumng'oa Nixon, walipoanza kuuliza, wafanyakazi wale wale walitakiwa kushikilia kwamba bonasi zilikuwa bonasi za kweli. Namfikiria mmoja wao jikoni kwake usiku wa kuamkia kuhojiwa. Hakuchagua kutoa. Pengine hata mgombea mwenyewe hakumtaka. Sasa anatakiwa aamue kati ya kumdanganya mpelelezi wa FBI na kumkasirisha mtu anayelipa mkopo wa nyumba yake. Babangu alikatwa pesa tu, hakuna aliyemtaka aapie uongo.

Agosti 1974, wiki chache baada ya Nixon kujiuzulu, Steinbrenner alikiri makosa. Alitozwa faini ya dola 15,000, akasimamishwa na wakuu wa besiboli kwa miaka miwili, wakamrudisha baada ya miezi 15. Rais Reagan alimsamehe Januari 1989. Wafanyakazi wale sijaona kokote wakikumbukwa.

Mwaka huo huo wa 1974 bunge likaifumua sheria ya fedha za kampeni ya 1971, likaweka viwango vya juu vya michango, likaunda tume ya kusimamia. Taarifa za mchangaji, pamoja na kazi yake na mahali anapoifanyia, zikawa na mlinzi na mahali pa kuwekwa. Kisanduku kile ni jicho. Ukiona watu 12 wa kampuni moja wametoa siku moja, kila mmoja kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa, na kati yao yumo karani wa mapokezi, unajua pa kuanza kuuliza. Msimu wa 2024 kiwango hicho kilikuwa dola 3,300 kwa uchaguzi mmoja, mchujo na uchaguzi mkuu zikihesabiwa mbalimbali. Karani wa mapokezi hana dola 3,300 za kutoa siku ile ile na bosi wake. Bila neno "mwajiri" watu wale 12 ni majina 12 yaliyotawanyika nchi nzima, na hakuna atakayewaona.

Kwa hiyo msimamo wangu umegeuka tangu usiku ule wa ugali. Kisanduku cha mwajiri hakikuwekwa ili mimi niwe msemaji wa bosi wangu. Kiliwekwa ili bosi asinifanye mimi kuwa mfuko wake.

Shida ni jinsi kinavyosomwa. Kila msimu utaona vichwa vya habari: kampuni fulani yampa mgombea fulani mamilioni. Ukisoma ndani, ni jumla ya michango ya wafanyakazi wake na familia zao, wakati mwingine ikichanganywa na ya kamati ya kisiasa ya kampuni, ile wanayoiita PAC. Mwaka 2008 Barack Obama, ambaye sisi Wakenya tulimfuata kwa redio na dua, alikuwa na jedwali la "wachangiaji wakubwa". Wa kwanza kabisa ilikuwa University of California, zaidi ya dola milioni moja. Benki ya Goldman Sachs ilifuata. Chuo kikuu cha umma hakiruhusiwi kumpa mgombea hata kalamu. Kilichotokea ni kwamba chuo kile, chenye kampasi kumi na hospitali zake, kina maprofesa, madaktari, wakutubi na makarani wengi mno, na kila mmoja alipojaza fomu yake nyumbani aliandika mwajiri yule yule. Hakuna mkutano uliofanyika. Benki ya Wall Street ni habari nyingine: watu wachache zaidi, mishahara mikubwa, hundi za kiwango cha juu, na mambo mengi wanayoyataka kutoka serikalini. Jedwali linawaweka bega kwa bega kana kwamba ni kitu kimoja. Anayesoma bila kuuliza ni watu wangapi, wametoa kiasi gani kila mmoja, na wana vyeo gani, atakuwa amesoma jina la kampuni tu, basi.

Hilo ndilo lililomtisha Mama Brian. Aliona majina manne, na tayari akasikia "kazini kwetu tunamtaka fulani".

Kuna kisa kingine ambacho watu hunitajia kila nikilizungumza hili. Mwaka 2008 Brendan Eich, mtaalamu aliyebuni lugha ya programu ya JavaScript, alitoa dola 1,000 kuunga mkono kura ya maoni ya California ya kuzuia ndoa za jinsia moja. Rekodi za jimbo zikamwonyesha na mwajiri wake, Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox. Miaka sita baadaye, Machi 2014, Mozilla ikamteua kuwa mkurugenzi mkuu. Kelele zikawaka, ndani na nje, na Aprili 3 alijiuzulu, hata wiki mbili hazijaisha. Watu wa pande zote mbili wamekitumia kisa hicho kuthibitisha walichokuwa wanaamini tangu mwanzo. Mimi naona hivi: mtu anayetaka kuwaongoza wenzake anaweza kuulizwa maswali na anaowaongoza. Yule anayewabadilisha wazee nepi saa kumi alfajiri hamwongozi mtu, na hakuna sababu ya mchango wake wa 25 kupimwa kwa mizani ile ile.

Na ngao yake ni nyembamba. Katika sekta binafsi, hakuna sheria ya nchi nzima inayomkataza mwajiri kukufukuza kwa siasa zako. Imeachiwa majimbo. California wana vifungu vyao, New York wana vyao, na kwetu Minnesota sheria ya fedha za kampeni, kifungu cha 10A.36, inakataza mtu kumtishia mwingine kupoteza kazi, au kumwadhibu kiuchumi, kwa sababu ya michango yake ya kisiasa. Nilipokipata kifungu hicho nilikisoma kwa sauti jikoni kwangu. Nilitamani ningekijua kwenye ule mkutano. Nisingesema neno, lakini ningekaa nimenyoosha mgongo.

Ukiniuliza ningebadilisha nini, ni mambo mawili. Kile kiwango cha dola 200 kimekaa hapo tangu marekebisho ya mwaka 1979, hakikuongezwa hata mara moja kufuata bei za vitu, na 200 ya leo si 200 ya siku zile. Ningekipandisha. Na huyu mchangaji wa dola 10 anayepitia jukwaa la mtandaoni, ripoti zake zibaki kwa tume ili wakaguzi wazione, lakini jina lake na mwajiri wake visianikwe mpaka afike kiwango kile kile kinachomfichua yule wa hundi ya posta. Wenye nguvu waonekane. Mnyonge asionekane zaidi yao.

Kuhusu makato ya mshahara, nayo yapo huku. Kampuni nyingi kubwa zina PAC, na zinaruhusiwa kuwaomba wakuu wao na maafisa wao wachangie, hata kwa kukatwa kila mwezi. Tofauti na ya babangu ni kwamba lazima waambiwe kuwa ni hiari, kwamba wanaweza kukataa, na kwamba hakuna kisasi. Naiheshimu tofauti hiyo. Najua pia sauti ya bosi inavyosikika anapotamka neno "hiari".

Sasa nije kwetu wenyewe, maana hapa tuna kosa ambalo tunalifanya kwa moyo mweupe. Mwaka jana jamii yetu tuliitana ukumbini kumchangia mgombea mmoja wa ubunge. Pilau ilikuwapo, mahamri yalikuwapo, watoto wanakimbizana kati ya viti. Mweka hazina wetu, mtu mwaminifu kuliko wote ninaowajua, akapita na daftari na bahasha. Watu wakaweka 50, 100, mmoja 300. Akaandika majina kama tunavyoandika ya harusi na ya msiba. Mwishoni akatangaza kwamba amepata jumla nzuri, na kwamba atazipeleka zote mara moja, kwa jina lake, kwa kadi yake, kupunguza usumbufu.

Nilisimama. Mikono ilikuwa inatetemeka, kwa sababu huyo ni mkubwa wangu na alinipokea uwanja wa ndege nilipofika nchi hii. Nikasema, "Mzee wangu, samahani sana, hizo huwezi kuzipeleka."

Kwetu kumpa mtu akuchangie ni jambo la kila siku. Nitumie M-Pesa nikuwekee, nitakutajia jina. Huku, kutoa mchango wa mgombea wa taifa kwa jina la mtu mwingine kumekatazwa na sheria, na kunaweza kuwa kosa la jinai, ni lile lile la bonasi za meli, hata kama nia yetu ilikuwa njema na yao mbaya. Pesa taslimu nazo zina mpaka wake, dola 100 kwa mtu. Halafu kuna la uhamiaji. Mwenye uraia anaweza kutoa, na mwenye ukaazi wa kudumu, ile grini kadi, anaweza. Aliyekuja na viza ya masomo au ya kazi haruhusiwi, na aliyetuma pesa kutoka Nairobi au Muscat ndiyo kabisa. Ndani ya bahasha ile zilikuwamo noti za vijana watatu wa chuo. Wangeweza kuharibikiwa na maisha yao kwa dola 20.

Ukumbi ulinyamaza. Mzee alifunga daftari, akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Haya, mwanangu. Tufanye vipi?"

Tukarudisha bahasha, kila mtu na chake. Vijana wa viza tukawaambia kazi ya kugawa vipeperushi na kupiga simu, kwa kujitolea, ipo na haina ubaya. Tukaomba fomu za karatasi kutoka kwa msichana wa kampeni, tukazigawa meza kwa meza. Ikawa kama mtihani wa darasa la nane: vichwa vimeinama, watu wanaazimana kalamu, mtu anauliza msimbo wa posta wa nyumbani kwake. Dereva wa lori akaandika kampuni yake. Muuguzi akaandika hospitali yake, akasita, akaniangalia, akaendelea. Mama Brian, ambaye karatasi zake zilikuwa zimetoka mwezi ule, aliandika jina la kituo chetu kwa herufi kubwa, namna ya nne ambayo haijawahi kuandikwa, na mimi nikaandika langu chini ya lake.

Bibi mmoja wa meza ya nyuma, aliyeletwa huku kulea wajukuu, akaniita kwa kidole. Alikuwa amejaza kila mahali isipokuwa pale.

"Mwanangu, hapa wananiuliza mwajiri. Mimi niandike nani? Nashinda na hawa watoto kutwa, na hakuna anayenilipa."

Nikamwambia kuna maneno yanayoruhusiwa, aandike kwamba hana mwajiri.

"Hawataona kama sifanyi kazi?"

"La, Bibi. Wataona tu kwamba hizi ni zako."

Akaishika kalamu upya, akaandika.